Mabuti Marefu ya Mnada wa Mavuno

Violet Nanyaro alikuwa na vigimbi. Tusifichane hilo, maana bila vigimbi vile hadithi hii isingekuwepo. Ukizaliwa Songoro, mlimani Meru, ukatumwa maji bondeni ukapanda nayo, ukatumwa majani ya ng'ombe ukapanda nayo, ukaenda shule na kurudi kwa kupanda, miguu haikuulizi unaitaka ya ukubwa gani. Inajijenga yenyewe. Kijijini hakuna aliyewahi kuona kwamba ni tatizo, mpaka siku Madam Hedwiga alipomwambia akatafute mabuti.

Huyu Madam Hedwiga ni mama wa Kichaga kutoka Kibosho, mwenye sauti ya kuamshia mtaa mzima, na ana farasi wake kule chini, upande wa Usa River. Watalii huja kuwapanda, wakazungushwa mashambani na porini wakiangalia twiga. Violet alianzia pale kwa kufagia mavi. Taratibu akajifunza kulisha, kusugua, kutandika, kupanda, na sasa hata yule dume mkorofi, Pilipili, alikuwa akitulia akimsikia tu anakohoa. Alichokitaka Violet duniani kwa wakati ule kilikuwa kimoja: kuwa kiongozi wa safari, yule anayetangulia mbele juu ya farasi na wageni wote nyuma yake. Alikitaka mpaka usingizini.

"Kuendesha unajua, hilo sikuulizi," Madam alimwambia, mikono kiunoni. "Lakini wageni wangu sikukabidhi ukiwa umevaa magambuti."

Na alikuwa na haki, jamani. Si muda mrefu nyuma gambuti lilikuwa limemponza Violet. Pilipili alishtushwa na kanga walioruka kichakani, akaruka na yeye, Violet akaanguka. Kuanguka si kitu, kila mpanda farasi huanguka. Lakini lile gambuti la mpira, pana mbele, soli yake mashimo matupu, lilinasa kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia kinachoning'inia ubavuni mwa tandiko. Farasi anakimbia, mguu umenasa, na mwenye mguu yuko chini anafagia barabara kwa mgongo. Aliponea pale gambuti lilipochomoka lenyewe. Jioni ile mama yake alimkanda kwa maji ya moto bila kusema neno, na mama wa Kimeru akinyamaza, ujue mambo yameharibika.

"Jumatatu asubuhi," Madam aliendelea, "nataka nikuone na mabuti marefu ya ngozi, ya kupandia farasi, yanayokutosha. Nitayakagua mwenyewe. Ukiwa nayo, wageni wa Jumatano unawaongoza wewe, na kazi ni yako moja kwa moja. Usipokuwa nayo, ni ya Brian."

Brian alikuwa hapo hapo akimsugua farasi, akijifanya hasikii, ila mluzi ukamtoka. Yeye ya kwake alishaletewa na binamu yake kutoka Nairobi, na tangu siku ile alikuwa akitembea kama mtu aliyekabidhiwa wilaya.

"Na usije ukadanganywa dukani," Madam akamwongezea, maana kwa ukali wote ule alikuwa akimpenda. "Buti refu linapimwa ukiwa umekaa, goti umekunja, siyo umesimama kama unapigwa picha. Vaa na soksi nene. Likibana kigimbi, mguu unakufa ganzi. Likipwaya, linakuchuna ngozi. Kisigino kiwepo, soli iwe laini. Jipya likikugusa nyuma ya goti usiogope, ngozi mpya hukunjika kifundoni ikashuka. Lakini kuukuu limeshashuka zamani. Kuukuu likikukata leo, litakukata mpaka unaingia kaburini. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Madam."

"Haya, nenda."

Jumamosi Violet akashuka mjini Arusha na akiba yake yote kwenye mfuko wa ndani wa suruali. Duka la kwanza lilikuwa karibu na mnara wa saa, duka lenye kioo na ubaridi, na mabuti yalikuwepo, tena mazuri mpaka machozi. Muuzaji alipotaja bei, Violet akacheka, akidhani anataniwa. Muuzaji hakucheka. Ilikuwa bei ya ndama, na siyo ndama wa kukondeana. Violet akayarudisha juu ya rafu polepole kama mtu anayerudisha mayai, akaaga kwa heshima zote.

Akaenda Sekei kwa fundi viatu mmoja aliyesifiwa. Fundi akamkaribisha kwa bashasha, akamwambia ngozi ipo, uzi upo, kila kitu kipo, alete miguu tu, mabuti yatakuwa tayari mwisho wa mwezi ujao. Violet akamwambia yeye anayahitaji Jumatatu. Fundi akamwangalia kwa huruma kweli kweli, akarudi kwenye kiatu alichokuwa akikipiga misumari.

Ikabaki Kilombero, sokoni, kwenye mitumba ya rafiki yake Lilian. Lilian walisoma naye, na mdomo wake haujawahi kufunga hata siku ya msiba.

"Vigimbi hivyo, shoga yangu, Mungu aliviumba kwa ajili ya magambuti," Lilian alisema huku akifukua belo. "Ona haya. Haya ni ya disko."

"Yana visigino virefu kama misumari, Lilian. Nimtoboe farasi?"

"Basi haya."

"Hiyo siyo ngozi. Ni plastiki."

"Mchaguzi wewe! Ndiyo maana huolewi." Akazama tena ndani ya belo, akaibuka na mengine, ya kahawia, marefu, ngozi halisi, na zipu ndefu upande wa ndani. "Na haya je? Mdomo umekuwa mzito ghafla?"

Violet alikuwa ameshavua viatu. Akaingiza miguu, akavuta zipu, zikapanda kwa kulalamika lakini zikapanda. Akasimama. Lilian akapiga makofi, na wauza mashati wa jirani wakageuka kuangalia. "Yamekupenda hayo! Yamekutoa! Toa hela, usinichoshe."

"Subiri kwanza nikae."

"Ukae wa nini? Yamekutosha!"

Violet akakaa juu ya belo, akakunja goti. Zipu ya kulia ikaachia kuanzia juu mpaka kifundoni kwa mlio ambao hata muuza mihogo aliyeko ng'ambo aliusikia. Halafu soko zima likacheka.

"Si ungebaki umesimama!" Lilian alifoka.

"Farasi hapandwi kwa kusimama, Lilian."

Lilian akanuna, akajaribu kuendelea kununa, akashindwa. Akacheka mpaka akakaa chini karibu na ile zipu iliyokufa, akasema haidhuru, atayauza kwa mtu mwenye miguu ya kawaida atakayekubali kushona. Violet naye alicheka, lakini ndani hakukuwa na kicheko. Duka lilikuwa limemshinda, fundi amemshinda, na mitumba ndiyo hiyo. Alipanda mlima kurudi nyumbani mikono mitupu, na njia nzima alikuwa akimwona Brian akitangulia mbele ya wageni, tena amekaa vibaya.

Mama yake alikuwa jikoni akimenya ndizi za mtori.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeyapata hayo mabuti yako ya kujidai?"

"Sijayapata."

"Mungu mkubwa."

Hilo lilimchoma Violet kuliko yote ya siku ile. "Mama, siyo ya kujidai. Hayo mabuti ni kwa sababu..."

Kisu kikanyanyuliwa juu, na ganda la ndizi likining'inia. "Habari za farasi kwenye nyumba hii, hapana. Lilian anauza nguo. Umewahi kusikia Lilian ameburutwa na sketi?"

Kusema kweli, Violet hakuwahi kusikia.

Kesho yake ilikuwa Sikukuu ya Mavuno. Kama hujawahi kuhudhuria mnada wa mavuno wa Kilutheri kule mlimani, pole yako, hujui raha. Watu hawaji na hela tu. Wanakuja na mikungu ya ndizi, maboga, kahawa, maziwa ya mgando kwenye vibuyu, majogoo yaliyofungwa miguu na yasiyopendezwa na ibada. Ibada ikiisha, vyote vinapangwa nje kwenye meza, na vinanadiwa. Na hapo usitafute hesabu. Yai moja linaweza kuuzwa ghali kuliko kuku aliyelitaga, kwa sababu anayelinunua hulirudisha mezani, likauzwa tena, akalinunua mwingine akampa bibi yake, bibi naye akalirudisha, na hela zote zinaingia kanisani huku watu wakivunjika mbavu. Ukipenda unanunua unampa zawadi mwimba kwaya, au mkweo, au Mchungaji. Ukipewa zawadi hukatai. Kukataa ni kumtukana aliyetoa.

Violet alitoka kanisani na uso wa mtu mwenye jino bovu. Akaisogelea meza kwa mazoea tu. Na pale, katikati ya mkungu wa ndizi na boga kubwa, yalikuwa yamesimama mabuti.

Akasugua macho. Yakabaki pale pale. Meusi, marefu, ngozi ya zamani iliyotunzwa kwa mafuta miaka na miaka, soli laini, kisigino kifupi, bila zipu. Mabuti ya kupandia farasi, kwenye mnada wa usharika wao!

"Ni ya kwangu hayo," alisema Bibi Marta, aliyekuwa amekaa kwenye kiti karibu na meza. Bibi huyu alifanya kazi za ndani kwa mama mmoja Mzungu mwenye shamba la kahawa mpaka wakazeeka wote wawili. "Mama yule alipoondoka kurudi kwao aliniachia sanduku zima. Sasa mimi, na umri huu, niyavae niende wapi? Nikasema nimtolee Bwana."

Mkono wa Violet ulikuwa umeshafika kwenye mdomo wa buti, unazunguka, unapima upana.

"Binti!" Sauti ya Mzee Thomasi ilimrusha. Mzee Thomasi alikuwa mzee wa kanisa na mnadishaji wa kudumu, na siku ya mavuno alikuwa mkali kuliko Amri Kumi. "Sadaka haijaribiwi!"

"Shikamoo, mzee. Napima tu."

"Marahaba. Hata kupima. Ukishainunua, pima mpaka kesho."

Akasubiri. Loo, alivyosubiri! Mikungu ikauzwa, majogoo yakauzwa, boga likauzwa na kurudi na kuuzwa tena. Mwishowe Mzee Thomasi akayanyanyua mabuti juu ya kichwa chake. "Haya, waumini, ngozi ya kweli hii! Ukiyavaa haya, nyoka anakupisha na shikamoo juu! Nani anaanza?"

"Mimi!" Violet akaruka. Akataja bei. Mama mmoja wa kwaya akaongeza kwa utani. Violet akapandisha. Na hapo ikatoka sauti ya Nelson nyuma.

Nelson ni mtoto wa pale pale, anauza spea za magari mjini, mambo yake yamemnyookea, na kila mavuno hupanda mlima na gari lake kuja kutoa. Moyo wake ni mweupe kabisa. Ubaya wake ni kwamba akiona watu wawili wanakitaka kitu, anakinunua yeye ili furaha iongezeke. Violet akapandisha, Nelson akapandisha. Violet akataja akiba yake yote, mpaka senti ya mwisho. Nelson, kwa kicheko kikubwa, akataja mara mbili yake.

"Mara ya kwanza!" Mzee Thomasi akalia. "Mara ya pili! Yameuzwa!"

"Na ninampa Mchungaji wetu!" Nelson akatangaza. Vigelegele vikapaa mpaka kwenye migomba.

Violet akakaa kwenye ukingo wa ukuta. Alimchukia Nelson kwa moyo wake wote. Na kumchukia mtu anayetoa sadaka, siku ya mavuno, hatua chache kutoka madhabahuni, ni aibu, kwa hiyo akawa na chuki na aibu kwa pamoja, na juu yake wageni wa Jumatano.

Mchungaji Sifaeli ni mtu mfupi, mnene, mcheshi, asiyeweza kuuvunja moyo wa mtu. Akayapokea mabuti kwa mikono miwili, akasema yatamfaa sana kwa kutembelea wagonjwa kipindi cha tope. "Avae! Avae!" watu wakaimba. Akaletewa kiti, akavua kiatu kimoja, akainua kanzu yake kidogo, akasukuma. Akasukuma tena. Mguu ukazama ndani kwa kishindo, makofi yakapigwa, Mchungaji akainuka akatembea mbele na nyuma, mguu mmoja askari, mguu mmoja mchungaji.

Halafu akataka kulivua.

Buti likakataa. Unyayo wa Mchungaji ni mnene na umeinuka juu kama mkate, na buti lisilo na zipu likishameza unyayo wa namna ile halitemi. Akavuta. Wazee wawili wakavuta, Mchungaji akaja pamoja na kiti. Mmoja akashauri samli, mwingine akashauri maombi. Mchungaji mwenyewe alikuwa ameanza kuacha kucheka.

Violet angeweza kukaa kwenye ukuta wake akafurahi. Nisiwafiche, kwa kitambo kidogo alifurahi. Kisha akaona jasho kwenye uso wa Mchungaji, akashuka.

"Mchungaji, mimi huwa namvua mabuti Madam wetu kila jioni. Lakini kuna namna yake."

"Namna yoyote, mwanangu. Mguu unakufa ganzi."

Violet akamgeuzia mgongo, akaupitisha ule mguu wenye buti katikati ya miguu yake, akakamata kisigino kwa mikono yote miwili. "Sasa huo mguu mwingine uweke hapa, usukume kwa nguvu."

"Hapa wapi?"

"Nyuma yangu hapa."

"Makalioni?" mwimba sauti ya pili akanong'ona, kwa mnong'ono uliofika mpaka barabarani.

"Binti," Mchungaji akasema kwa uchungu, "mimi ndiye niliyekupa kipaimara!"

"Ndiyo, Mchungaji. Sukuma."

"Mbele ya waumini?"

"Baba, hebu sukuma!" Mama Mchungaji akapaza sauti kutoka kwenye masufuria. "Chakula kinapoa!"

Mchungaji akavua kiatu kilichobaki, kwa heshima. Akafumba macho kama mtu anayeanza sala, akaweka mguu, akasukuma. Buti likatoka kwa mlio wa kizibo, na Violet akaruka nalo kifuani mpaka kwenye maboga. Jamani, watu walicheka! Walicheka mpaka wakashikana mabega, Bibi Marta akafuta machozi kwa leso, na Mzee Thomasi mwenyewe akaweka uso wake nyuma ya mkungu wa ndizi.

Vicheko vilipopungua, Mchungaji akasimama na soksi zake. "Ndugu Nelson, zawadi nimeipokea, na Mungu akubariki. Sasa na mimi natoa sadaka yangu ya mavuno." Akayaweka mabuti mezani pole pole. "Mzee Thomasi, endelea."

Violet akainuka, mbegu za boga kwenye nywele. Akataja ile ile akiba yake, maana nyingine hakuwa nayo. Macho yote yakamgeukia Nelson. Nelson akafungua mdomo kwa mazoea, akaufunga, akainua mikono. "Mimi nimenyamaza. Aliyelivua ndiye mwenye haki nalo." Mzee Thomasi akauliza nani anaongeza, na Bibi Marta akamkazia macho kila aliyethubutu hata kukohoa. Yakauzwa.

Furaha aliyokuwa nayo Violet haina kipimo. Bibi Marta akavua soksi zake za sufu akampa, akasema leo hakuna baridi. Violet akakaa kwenye benchi, akaingiza mguu. Unyayo ukafika, ukakaa. Kigimbi kikaingia, hakikubanwa, hakikupwaya. Vigimbi vile vilivyoshindikana Arusha nzima! Akaingiza na wa pili, akasimama, akazunguka na gauni lake la Jumapili juu ya mabuti, na watu wakapiga kelele kana kwamba ni bibi harusi.

Kisha akakaa, akakunja goti.

Ukingo wa buti ukamkata nyuma ya goti kama kisu butu. Akajaribu mguu mwingine. Vile vile. Yule mama Mzungu alikuwa na miguu mirefu ya twiga, na buti liliishia pale ambapo goti la Violet linaanzia kukunjika. Ngozi kuukuu, iliyoshashuka zamani, isiyo na pa kushuka tena. Kesho asubuhi Madam atasema kaa, kunja, naye atauma meno, na Madam ataona, maana Madam huona kila kitu. Na hata asipoona, nani anaweza kuongoza farasi kutwa nzima huku miguu inachinjwa?

Watu wote walikuwa wakimtabasamia. Akiba imekwenda.

"Hayanitoshi," alisema.

"Unasema?" Mzee Thomasi akauliza.

"Ni marefu. Nikikunja goti yananikata."

Vigelegele vikafa. "Si uvumilie tu, mwanangu," akasema mmoja. "Yatazoea," akasema mwingine. Violet akatikisa kichwa, na hapo machozi yakamtoka, mengi, mbele ya kila mtu, na hakujali.

Mama yake akatokea kutoka kwenye masufuria. Tangu mnada uanze alikuwa huko akikatakata nyama, na hakuwa amegeuka hata mara moja, hata wakati binti yake akiruka kwenye maboga. Akaja na kisu chake mkononi, watu wakampisha.

"Hayo mabuti ni ya nini hasa?" akauliza.

"Mama, si unajua..."

"Sijui. Nilikataa kujua. Niambie sasa."

Violet akafuta pua kwa kiganja. "Siku ile gambuti lilinasa kwenye kikuku, ndiyo maana nikaburutwa. Haya hayanasi. Soli yake ni laini, na kisigino kinazuia mguu usipenye ukapitiliza. Ukianguka, mguu unachomoka. Farasi anakwenda zake."

"Na wewe?"

"Mimi nabaki chini nimekaa."

"Huburutwi."

"Siburutwi, mama."

Mama Violet akayaangalia yale mabuti muda mrefu. Siku zote zile alizokuwa akiyaita ya kujidai, usiku alikuwa akiuona ule mgongo uliochubuka, na hakumwambia mtu. Akapiga magoti kwenye nyasi na kitenge chake cha kanisani, akapitisha kidole nyuma ya goti la mwanawe mpaka akapata pale palipokuwa pekundu. Akakwaruza alama kwenye buti kwa ncha ya kisu.

"Vua."

Buti likatoka bila taabu, kama linavyotoka buti kwa mwenyewe. Mama akalilaza kwenye benchi, akakifuta kisu kwa pindo la kitenge.

"Mama Violet," Mzee Thomasi akaanza, "hiyo ni sadaka, haiwezi..."

"Mzee Thomasi, ninyamazie."

Mama akaanza kukata, taratibu, kwa nguvu zote za mkono uliokata majani ya ng'ombe maisha yote, akifuata mviringo kutoka upande hadi upande. Kipande cha ngozi, chembamba kama mwezi mchanga, kikaanguka kwenye nyasi.

"Vaa."

Violet akavaa. Akakaa, akakunja goti, akalikunja zaidi, mpaka kisigino kikagusa benchi.

"Panauma?"

"Hapaumi, mama."

"Usinidanganye."

"Hapaumi kabisa."

Mama yake akalishika buti pale kifundoni kwa mikono yote miwili, akakaa hivyo, zaidi ya ilivyohitajika. Akajifuta macho kwa mkono wa gauni, akakichukua kisu tena.

"Haya," alisema, "lete na mguu wa pili."